Nadhiri na Nafsi: Uchanganuzi-Nafsi na Theolojia katika Maisha ya Utawa

Utangulizi

Uhusiano kati ya uchanganuzi-nafsi na theolojia umejadiliwa kwa muda mrefu kana kwamba ni kesi ya shamba moja linalodaiwa na watu wawili. Upande mmoja wamesimama wale wanaoshikilia kwamba Sigmund Freud aliieleza dini ikaisha: Mungu ni baba wa utotoni aliyekuzwa hadi mbinguni, na ibada ni ngao ya mtu mwenye hofu. Upande wa pili wamesimama wale wanaoamini kwamba roho ya mwanadamu ni amana ya Muumba wake, na kwamba tabibu anayeipekua bila kumtaja Muumba huyo ni sawa na mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi. Kila upande huleta mashahidi wake, na kesi haiishi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, jinsi lilivyozoeleka kuulizwa, halijawekwa mahali pake. Uhusiano wa taaluma hizi mbili haujulikani vyema kwa kupima nadharia dhidi ya nadharia. Unajulikana pale ambapo zote mbili zimemkabili mtu mmoja aliye hai, naye ameweka nadhiri. Kwa sababu hiyo mjadala unaofuata umejikita katika maisha ya utawa, yaani maisha ya wale walioahidi useja, ufukara na utii, na hasa katika mkasa wa monasteri moja ya Wabenedikto nchini Meksiko kati ya mwaka 1961 na 1967. Hoja inayotetewa ni kwamba ugomvi mkubwa katika mkasa ule haukuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu. Ulihusu ni nani anayestahili kuyasikia yaliyomo moyoni mwa mtawa, kwa ridhaa ya nani, na kwa kusudi gani.

Yafaa istilahi mbili zifafanuliwe kwanza. Kwa uchanganuzi-nafsi kunakusudiwa mbinu ya tiba na nadharia iliyoasisiwa na Freud mjini Vienna mwishoni mwa karne ya 19, ambayo msingi wake ni dai kwamba sehemu kubwa ya maisha ya nafsi imo katika ung'amuzibwete, yaani eneo ambalo mtu mwenyewe halifahamu ingawa linamwongoza. Mtu huyo husema lolote linalomjia bila kulichuja, naye msikilizaji hufuatilia ndoto, kuteleza kwa ulimi na vimya vyake. Istilahi ya pili ni nafsi yenyewe. Neno hili Kiswahili kimelirithi kutoka Kiarabu likiwa na historia ndefu ya kidini. Kurani inaitaja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia, na wanazuoni wa Kisufi wamezifanya hali hizo tatu kuwa ngazi za safari ya mja. Hivyo mtaalamu wa Kiswahili anapotafuta neno la kumtafsiria Freud hupewa neno ambalo tayari limeswali. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, ugomvi huu hautokei baina ya mataifa mawili ya mbali. Unatokea ndani ya nyumba moja, chini ya paa la neno moja.

Freud na mchungaji wa Zürich

Freud aliigusia dini mapema. Katika makala yake ya mwaka 1907 alilinganisha vitendo vya kulazimika vya wagonjwa wake na taratibu za ibada. Mgonjwa anayenawa mikono mara 20, au anayepanga mito ya kitanda kwa namna ile ile kila usiku, hufanana na mwumini anayechelea kukosea neno moja la sala: wote wawili wataingiwa na fadhaa iwapo tendo halikutimizwa kikamilifu. Mfanano huo haukuwa mgeni kwa wanatheolojia wenyewe. Kiswahili kina neno wasiwasi, na katika mafundisho ya Kiislamu neno hilo hutumika hasa kumhusu mtu anayerudia udhu tena na tena kwa kudhani haujatimia. Wanazuoni hawamsifu mtu huyo kwa uchaji; humwonya. Upande wa Ukristo, Ignasi wa Loyola alipokuwa Manresa mwaka 1522 aliteswa na shaka juu ya maungamo yake ya zamani hata akafikiria kujiua, na muungamishi wake alilazimika kumkataza kuyarudia yale yaliyokwisha kusamehewa. Theolojia ilikuwa imekwisha kujua kwamba kuna hatia ambayo ni sauti ya Mungu na hatia nyingine ambayo ni ugonjwa uliovaa kanzu. Lililokosekana ni maelezo ya chanzo chake.

Kitabu cha Freud kilichozua mjadala mkubwa zaidi ni kile cha mwaka 1927 kuhusu mustakabali wa dini, ambayo aliiita njozi. Mara nyingi husahauliwa kwamba Freud hakusema kuwa njozi lazima iwe uongo. Aliita njozi imani yoyote ambayo kichocheo chake kikubwa ni matamanio ya mwenye kuamini. Binti maskini anayeamini kwamba atakuja kuolewa na mwana wa mfalme ana njozi, na pengine siku moja mwana wa mfalme atabisha hodi. Kwa hiyo, kwa kipimo cha Freud mwenyewe, kueleza imani ilikotoka hakujatosha kuonyesha kwamba si ya kweli.

Aliyeliona pengo hilo ni Oskar Pfister, mchungaji wa Kiprotestanti mjini Zürich, Uswisi. Pfister alianza kuandikiana barua na Freud mwaka 1909, na urafiki wao ulidumu hadi Freud alipofariki mwaka 1939. Mchungaji huyu alitumia uchanganuzi-nafsi katika kuwahudumia waumini wake, naye Freud katika barua za mwanzo alikubali kwamba mbinu hiyo yenyewe haina dini wala haipingi dini, bali ni chombo ambacho kasisi na mlei wanaweza kukitumia ikiwa lengo ni kumfungua anayeteseka. Mwaka 1928 Pfister alijibu kitabu cha rafiki yake kwa makala ambayo kichwa chake kilikigeuza kile cha Freud ndani-nje: badala ya mustakabali wa njozi, njozi ya mustakabali. Hoja yake ilikuwa kwamba hata tumaini la Freud katika sayansi linaweza kuchanganuliwa na kukutwa na matamanio ndani yake. Kisu kinachokata mkate wa jirani hukata pia mkate wa mwenye kisu.

Pamoja na uzito wa mjadala huo, kuna jambo ambalo haukuligusa. Pfister alikuwa mchungaji mwenye mke na kanisa la mtaa, na Freud alikuwa tabibu. Wote wawili walizungumza juu ya imani kama wazo ambalo mtu anaweza kulishika au kuliacha. Mtawa ameishika imani kwa namna nyingine. Ameifanya kuwa kitanda anacholalia, chakula anachokula na jina analoitwa. Kuichunguza imani yake ni kuchunguza iwapo maisha yake yote yamejengwa juu ya mwamba au juu ya hofu ya utotoni. Ndipo swali la kinadharia linapogeuka kuwa la kimaadili.

Mapokeo ya kufunua mawazo

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba monasteri zilisubiri Freud azaliwe ndipo zianze kuchungua yaliyofichika. Watawa wa jangwa la Misri katika karne ya nne walikuwa na desturi ya kumwendea mzee na kumwambia mawazo yaliyowasumbua, hata yale ambayo hayakuwa dhambi. Evagrio, aliyefariki mwaka 399, aliyagawa mawazo hayo katika makundi manane, na Yohane Kasiano akayapeleka mafundisho hayo Ulaya ya magharibi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa nchini Italia katika karne ya sita, inaagiza katika sura yake ya saba kwamba mtawa asimfiche abati mawazo mabaya yanayouingia moyo wake. Mhenga wa Kiswahili angeafiki, kwani mficha maradhi kifo humwumbua.

Sura ya 58 ya Kanuni hiyo inahusu mapokezi ya wageni wanaotaka kuwa watawa. Benedikto anaonya kwamba asikubaliwe mtu upesi. Abishe hodi kwa siku kadhaa, asomewe Kanuni mara tatu katika mwaka mmoja, na mlezi wake achunguze kwa makini kama kweli anamtafuta Mungu. Swali hilo linafaa kuangaliwa vizuri. Benedikto haulizi kama kijana huyu anaamini, au kama ana tabia njema. Anauliza anatafuta nini. Kwa maneno mengine, Kanuni ya karne ya sita inakiri kwamba mtu anaweza kuingia monasterini huku akitafuta kitu kingine, na pengine bila yeye mwenyewe kujua. Anaweza kuwa anakimbia ndoa, umaskini au baba mkali, au akawa anamtafuta mama. Kikulacho ki nguoni mwako. Mlango ambao uchanganuzi-nafsi ungekuja kuupitia karne 14 baadaye ulikuwa umeachwa wazi na Benedikto mwenyewe.

Lakini Kanisa lilijifunza pia hatari ya mapokeo haya. Mzee wa jangwani hakuwa na mamlaka isipokuwa ile aliyopewa na mwanafunzi aliyemchagua. Abati au mkuu wa shirika ana mamlaka ya kumpangia mtawa kazi, kumhamisha na kumfukuza. Mkuu anayejua siri za moyo wa aliye chini yake ana fimbo mbili mkononi. Kwa sababu hiyo sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 530, iliwakataza wakuu wa mashirika kuwashawishi watawa kwa njia yoyote ile wawafunulie dhamiri zao. Kufanya hivyo kulibaki hiari ya mtawa. Katazo hilo lilirudiwa katika kanuni ya 630 ya sheria ya mwaka 1983. Hapa sheria iliona jambo ambalo nadharia nyingi hazikuliona: ukweli wa moyo hauharibiki kwa kufichwa tu, huharibika pia kwa kutolewa kwa nguvu.

Mkasa wa Cuernavaca

Grégoire Lemercier alizaliwa Ubelgiji mwaka 1912, akawa mtawa wa Kibenedikto, na baada ya kuhamia Meksiko alianzisha monasteri ya Santa María de la Resurrección karibu na mji wa Cuernavaca, katika jimbo la Morelos. Usiku mmoja wa Oktoba 1960, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona mianga ya ajabu chumbani mwake, na tukio hilo lilimtikisa. Alimwendea mchanganuzi wa nafsi. Baadaye alipoteza jicho moja kwa ajili ya saratani.

Mianga hiyo inastahili kufikiriwa kidogo, kwani imebeba suala zima la makala haya. Daktari wa macho anaweza kusema kwamba ilitokana na jicho lililokuwa likiugua. Mchanganuzi anaweza kusema kwamba ilikuwa sauti ya ung'amuzibwete wa mtu aliyejibana kwa miaka mingi. Mwanatheolojia anaweza kuuliza kama haikuwa neema. Mtu mwenye haraka atachagua jibu moja na kuyatupa mawili. Lemercier hakuwa na haraka hiyo. Alikubali uchunguzi wa tabibu, akaanza kuchanganuliwa, na akaendelea kusali. Hakuona kwamba jibu la kwanza linalifuta la pili, wala kwamba la pili linalifuta la tatu. Kwa mtazamo wa kifalsafa alikuwa sahihi, kwa sababu kueleza jinsi jambo lilivyotokea si kueleza linamwitia mtu nini.

Mwaka 1961 Lemercier alichukua hatua kubwa zaidi. Uchanganuzi-nafsi wa makundi uliingizwa monasterini, ukiendeshwa na wataalamu kutoka nje, Gustavo Quevedo na Frida Zmud. Watawa waliketi pamoja na kusema. Kusudi la mkuu wao lilikuwa lile la sura ya 58: kujua kama mtu anayebisha hodi anamtafuta Mungu kweli. Wengi waliofanyiwa uchanganuzi huo hatimaye waliondoka monasterini. Kwa wapinzani, kuondoka kwao kulikuwa ushahidi wa uharibifu. Kwa Lemercier kulikuwa ushahidi wa uponyaji, kwa kuwa aliyeondoka alikuwa ameng'amua kwamba hakuwahi kuitwa, na aliyebaki alibaki akiwa huru.

Roma ilikuwa na wasiwasi tangu zamani. Papa Pio XII, katika hotuba zake za mwaka 1952 na 1953, alikuwa amekubali haki ya tiba ya nafsi lakini akaonya dhidi ya mbinu zinazomwona mtu kupitia ashiki peke yake. Tarehe 15 Julai 1961, mwaka ule ule ambao makundi ya Cuernavaca yalianza, Ofisi Takatifu ilitoa onyo lenye vipengele kadhaa. Mapadri na watawa walikatazwa kufanya kazi ya uchanganuzi-nafsi. Rai kwamba wanaotaka upadri au utawa lazima kwanza wachanganuliwe ilikataliwa. Aidha, mapadri na watawa walikatazwa kumwendea mchanganuzi isipokuwa kwa sababu nzito na kwa kibali cha mkuu wao. Askofu wa Cuernavaca, Sergio Méndez Arceo, alimtetea Lemercier, na mwaka 1965 alilizungumzia suala la uchanganuzi-nafsi mbele ya maaskofu wa dunia katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hata hivyo, Mei 1967 mahakama maalumu ya Vatikano ilimkataza Lemercier kuutetea uchanganuzi-nafsi na kuwataka wanaoingia monasterini waupitie. Mwezi uliofuata, yeye na wengi wa watawa wake waliomba kufunguliwa nadhiri zao. Monasteri ilikwisha, mahali pake pakazuka kituo cha kilei cha uchanganuzi-nafsi kilichoitwa Emaús. Lemercier alioa baadaye, na alifariki mwaka 1987.

Mkasa jukwaani

Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya hukumu hiyo, mwandishi wa Meksiko Vicente Leñero alitoa tamthilia iliyoitwa Pueblo rechazado, yaani watu waliokataliwa, akiujenga mchezo wake juu ya tukio hili. Tamthilia hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za tamthilia ya kumbukumbu nchini humo, utanzu unaochukua tukio la kweli na hati zake na kulileta mbele ya hadhira. Kwa mhakiki, la kuzingatiwa ni kwamba Leñero hakuwapa wahusika wake wakuu majina ya watu waliohusika. Aliwaita kwa vyeo vyao: mkuu wa monasteri, askofu, mchanganuzi. Karibu nao aliweka makundi ya wasemaji wanaozungumza kwa pamoja kama kiitikio cha tamthilia ya kale ya Kigiriki.

Uamuzi huo wa kisanaa unafichua jambo ambalo mabishano ya magazeti yalilifunika. Jina linapoondolewa, hadhira haiulizi tena Lemercier alikuwa mtu wa namna gani. Inauliza cheo hiki kina haki gani juu ya kile. Kila kundi linadai kumsemea mtawa: wachanganuzi kwa lugha ya afya, waumini kwa lugha ya utii, waandishi wa habari kwa lugha ya kashfa. Katikati ya sauti hizo, sauti iliyo dhaifu ni ya mtawa wa kawaida, ambaye nafsi yake ndiyo inayogombaniwa. Fasihi haikutoa hukumu katika kesi hii, lakini ilionyesha ni nani ambaye hakuulizwa.

Ungamo na kikao

Baada ya kuyatazama hayo, inawezekana sasa kulinganisha mambo mawili ambayo kwa nje hufanana: ungamo la kidini na kikao cha uchanganuzi. Katika yote mawili mtu mmoja husema na mwingine husikiliza, na msikilizaji hufungwa na siri. Tofauti huanzia hapo. Muungamaji huleta tendo analolijua na kulikiri kuwa lake. Mchanganuliwa huleta asichokijua, nacho hujitokeza bila yeye kukusudia. Muungamishi huuliza umetenda nini na umekubali nini. Mchanganuzi huuliza jambo hili linakukumbusha nini. Ungamo hukoma kwa neno la msamaha. Kikao hukoma kwa saa kwisha, wala hakuna anayesamehewa, kwa kuwa mchanganuzi hana mamlaka ya kusamehe na hajidai kuwa nayo.

Kutokana na tofauti hizo yanafuata mambo mawili. Kwanza, hakuna kimojawapo kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine. Mtu aliyemdhulumu nduguye haponi kwa kueleza jinsi alivyonyimwa upendo utotoni. Deni lake lipo palepale. Na mtu anayeteswa na hatia isiyo na kosa haponi kwa kusamehewa kila Jumamosi, kwa maana kila msamaha huwa kuni mpya katika moto ule ule. Pili, kila kimoja kinakihitaji kingine ili kisipotoke. Ungamo lisilojua habari za ung'amuzibwete linaweza kumtia mgonjwa adhabu badala ya dawa. Uchanganuzi usiojua habari za uwajibikaji unaweza kumfanya mtu awe mtaalamu wa majeraha yake mwenyewe na kipofu wa majeraha aliyowatia wengine.

Suala hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake Rosa Mistika (1971), anamweka msichana aliyelelewa na baba mwenye kipigo, akampeleka hadi anguko na kujiua kwake, kisha akaipandisha kesi hiyo mbele ya hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wanatazamana. Riwaya ingeweza kuishia kaburini na kumwachia msomaji maelezo ya kisaikolojia: ukali wa baba ulimharibu mtoto. Ingeweza pia kuishia na mahubiri: msichana alitenda dhambi. Kwa kuipeleka kesi mbele zaidi, mwandishi anakataa kwamba maelezo yanatosha kuwa hukumu, na pia anakataa kwamba hukumu inaweza kutolewa pasipo maelezo.

Je, nadhiri husimama juu ya nini?

Lililobaki ni swali gumu zaidi, ambalo ndilo lililowagawa watu wa Cuernavaca. Tuseme kijana ameingia monasterini, na baada ya miaka kumi anagundua kikaoni kwamba alikimbilia useja kwa kuwaogopa wanawake, na alikimbilia utii kwa kuwa hakuwahi kumpinga baba yake. Je, nadhiri yake imekufa?

Wapo watakaosema kwamba imekufa, kwa sababu haikuwa nadhiri. Ilikuwa dalili ya ugonjwa. Jibu hili lina nguvu, kwani ahadi iliyotolewa na mtu asiye huru haimfungi, na sheria ya Kanisa yenyewe inafundisha kwamba nadhiri iliyotolewa kwa woga mzito isiyo haki, au kwa udanganyifu, ni batili. Lakini jibu hilo likichukuliwa kama kanuni ya jumla litabomoa ahadi zote za wanadamu. Nani alioa akiwa na moyo usio na chembe ya upweke, tamaa au kiburi? Ni mwalimu gani aliyeingia darasani mara ya kwanza bila hamu ya kuheshimiwa? Mbegu huota katika samadi, na hakuna anayelikataa embe kwa sababu hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba swali lenyewe halifai kuulizwa, kwani mmea unaong'olewa kila siku ili mizizi yake itazamwe hunyauka. Nalo lina ukweli wake. Si kila shaka ni ya kuchimbwa, na yumkini baadhi ya walioondoka Cuernavaca wangedumu na kukomaa laiti wangeachwa watulie. Hata hivyo, theolojia haiwezi kulifanya jibu hili kuwa kimbilio lake la kudumu. Dini inayodai kwamba ukweli humweka mtu huru haiwezi wakati huo huo kuogopa ukweli wa aina moja. Nadhiri inayosimama kwa sababu tu haijawahi kuulizwa inamheshimu nani?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba thamani ya nadhiri haimo katika chimbuko lake peke yake, bali katika kile ambacho mwenye nadhiri anakifanya baada ya kulijua chimbuko hilo. Uchanganuzi unaweza kumwonyesha kijana yule woga wake. Hauwezi kumwambia kama sasa, akiwa ameujua woga huo, anapaswa kuondoka au kubaki, kwa maana hilo si swali la chanzo. Ni swali la mwito. Theolojia nayo inaweza kumfundisha mwito ni nini. Haiwezi kumjibia kama wake ni wa kweli huku ikimkataza asijitazame. Uchanganuzi hulipima kusudi la nadhiri, lakini hauihukumu nadhiri. Theolojia huihukumu nadhiri, lakini haina haki ya kuzuia kusudi lisipimwe.

Kwa kigezo hiki, pande zote mbili za mkasa wa 1967 zilikosea, na zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki. Ofisi Takatifu ilikuwa na haki ilipokataa kwamba uchanganuzi uwe sharti la kuingia utawani, kwani neno linalosemwa kwa kulazimishwa si ukweli wa anayelisema. Kijana anayejua kwamba kupokelewa kwake monasterini kunategemea kikao atasema yale ambayo kikao kinapenda kusikia. Lakini Ofisi hiyo hiyo ilikosea ilipomtaka mtu mzima mwenye maumivu aombe ruhusa ya mkuu wake kabla ya kumwendea mganga wa nafsi, kwa maana kuomba ruhusa ni kuifunua dhamiri, jambo ambalo kanuni ya 530 ilikataza isishurutishwe. Lemercier naye alikuwa na haki kuamini kwamba Benedikto hangemwogopa Freud, na alistahili heshima kwa kutangulia mwenyewe kuchanganuliwa kabla ya kuwaelekeza wengine. Lakini alisahau kwamba mkuu akitangulia, wadogo hawafuati kwa hiari tu. Pale ambapo aliye na mamlaka anapenda jambo, hiari ya walio chini yake inakuwa na kivuli.

Hitimisho

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba somo hilo halikupotea lote. Mwaka 1971 Mjesuiti Luigi Rulla alianzisha Taasisi ya Saikolojia katika Chuo Kikuu cha Gregoriana mjini Roma, ambako vichocheo visivyotambuliwa vya miito vilichunguzwa na watu wa Kanisa wenyewe. Mwaka 2008 Vatikano ilitoa mwongozo wa matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Unakubali msaada wa wataalamu, lakini unasisitiza ridhaa huru ya mwombaji. Mwaka 2017 kilitoka kitabu cha mazungumzo ambamo Papa Francisko alieleza kwamba, akiwa na umri wa miaka 42, alimwendea mchanganuzi mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita. Jambo lililoifunga monasteri nzima mwaka 1967 lilisimuliwa na Papa kwa utulivu nusu karne baadaye.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kesi imekwisha. Saikolojia iliyokaribishwa inaweza kuwa chombo cha utawala kwa urahisi ule ule ambao ungamo lililazimishwa zamani. Ripoti ya mtaalamu iliyo mezani mwa mkuu wa shirika ina uzito kuliko maneno ya novisi aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana swali la makala haya linaendelea kudai jibu kila mahali ambapo mtu anaombwa aufungue moyo wake kwa jina la Mungu au kwa jina la afya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo inamhimiza mwenye shida asiione haya kujifunua kwa anayeweza kumsaidia. Haikutamka kwamba yeyote mwenye mamlaka ana ruhusa ya kumvua nguo. Kati ya kujifunua na kuvuliwa ndipo uchanganuzi-nafsi na theolojia zinapokutana, na hapo ndipo kila moja inapopaswa kupimwa.